Gemu ya Giza

Kambarage, Shinyanga
3 Juni 2024

Kaka Jilala,

Shikamoo.

Nimechoka na simu yako. Nikipiga inaita mpaka inakata. Siku ukipokea unasema "ndiyo, ndiyo, hakuna shida," kisha unakata hata kabla sijafika kwenye swali. Juzi nilikuuliza kama Nkwabi amepona malaria, ukanijibu "nasi tunawasalimia." Kwa hiyo nakuandikia kwa kalamu, kama ulivyokuwa unatuandikia mwaka ule ulipokwenda machimboni mara ya kwanza. Barua hii na kifurushi nampa kondakta wa gari la Kharumwa. Anasema karasha unalosagia mawe analijua, hata kelele zake anazijua.

Huku tupo. Mayu yuko Tinde, magoti yanamsumbua lakini bado anakwenda shamba na hataki kuambiwa na sisi wanawe. Mimi bado nafundisha kompyuta kwenye ile shule binafsi. Wanafunzi wanagombania mashine chache zinazowaka, na jioni natoka pale sina sauti.

Lakini kuna kitu nimekitengeneza. Mimi na Donatus, yule mwalimu wa muziki niliyekutajia, tumetengeneza gemu. Watu wawili tu. Mimi nimeandika programu na kuchora, yeye kashughulika na sauti. Siku hizi zipo gemu nyingi za namna hii, za mtu mmoja au wawili kwenye chumba cha kupanga, bila kampuni yoyote nyuma yao. Hazina majeshi wala magari ya kifahari. Unakuta gemu nzima ni mtu anayemuuguza bibi yake.

Yetu nimeiweka kwenye simu iliyomo ndani ya kifurushi. Bonyeza picha ya jiwe. Uvae hedifoni, ukae mahali penye utulivu. Sikuambii inahusu nini, cheza kwanza. Kila ninachokijua kuhusu gemu nilikipata kwenye banda lako pale nyuma ya soko, nimekaa juu ya kreti la soda, nasubiri wateja waishe ili unipe ile pedi yenye kitufe kilichokwama. Ukisema ni nzuri nitaamini. Ukisema ni mbaya nitaamini vilevile.

Msalimie wifi Dorah.

Mdogo wako,
Asteria

*

Kharumwa
14 Juni 2024

Mdogo wangu Asteria,

Marahaba. Kifurushi kimefika. Kondakta alinikuta nimejaa vumbi la mawe mpaka kwenye kope, akaniuliza mimi mwenyewe Jilala yuko wapi.

Nkwabi amepona. Samahani kwa yale majibu.

Simu ni nzuri. Nimempa Dorah aitunze, mimi nitaivunja. Mtandao hapa unakuja na kuondoka, kwa hiyo usihangaike kupiga. Andika. Barua nimeipenda. Mtu anasoma taratibu, akichoka anaikunja, kesho anaendelea alipoishia.

Gemu nimeicheza. Ilikuwa Jumapili baada ya chakula. Nikabonyeza jiwe, pakawa giza. Nikangoja. Nikagusa kioo, kikatokea kimwanga kidogo pale nilipogusa, kikazimika. Nikagusa pengine, vilevile. Baadaye yakaja maandishi: Umechelewa. Nikaanza upya. Giza. Umechelewa. Sikujua nachelewa wapi.

Uliniomba ukweli. Nimeona giza tu.

Sisemi hujui kazi. Labda ni umri wangu. Ila gemu za banda letu, ukiwasha tu ulijua wewe ni nani na unaenda wapi. Yule mtu mdogo wa kushoto ndiye wewe, safari yako ni kulia. Shimo, ruka. Adui, piga. Maisha matatu, yakiisha unarudi mwanzo kabisa. Hakukuwa na kusevu. Umeme ukikatika ukiwa hatua ya mwisho, hakuna wa kumlaumu, unapuliza kaseti vumbi, unaanza. Unamkumbuka yule muuza nyanya, mtu mzima na ndevu zake, aliyekuwa anakuja kila jioni kwa ajili ya ngome ya tatu tu? Akikaa yeye chumba kizima kinasimama. "Ruka! Ruka bwana, unangoja nini!" Pedi moja, lakini waliokuwa wanacheza ni wote.

Hii yako inataka mtu mmoja, hedifoni, na utulivu. Utulivu mimi ninao wa kutosha, Asteria. Sihitaji kuongezewa.

Na pointi ziko wapi? Mtu katoka kazini mgongo unamuuma, anataka aone namba inapanda, aone kwamba kuna mahali duniani ukifanya jambo linahesabiwa.

Usikasirike. Naandika nimechoka. Tumesaga tangu asubuhi, na kalamu yenyewe bado inatetemeka mkononi.

Kaka yako,
Jilala

*

Kambarage
22 Juni 2024

Kaka,

Shikamoo.

Barua yako niliisomea kwenye chumba cha walimu, ikabidi nitoke nje.

Nilikuwa nimejiandaa kuambiwa gemu ni ngumu, au michoro yangu mibaya. Hayo ningeyapokea. Lakini umevaa hedifoni, umemsikia mtu anagonga kwa jiwe chini ya kifusi, umemsikia anapumzika, anagonga tena kwa kuchoka, halafu unaniuliza pointi ziko wapi?

Yule ni wewe, kaka.

Sikutaka kukuambia mapema. Nilidhani utajijua mwenyewe kwenye mgongano wa kwanza wa jiwe. Mwaka ule duara lenu, lile shimo la dhahabu, lilipoporomoka kule Geita, ukabaki chini peke yako mpaka kesho yake, mimi nilikuwa juu. Nilikuwa na miaka kumi na mitano. Nilikaa na Mayu pembeni ya shimo, kanga moja tumejifunika wote wawili. Watu walikuwa wanachimba, wanasimama, wanachimba, wanasimama. Kila wakisimama, mzee mmoja ananyanyua mkono, wote kimya, hata watoto. Tunasikiliza. Ukigonga, wanajua wachimbe upande gani. Usipogonga, hakuna anayethubutu kushika sururu, maana ukichimba ovyo unamfukia mtu zaidi. Gemu yote ni hiyo. Unasikiliza sauti inatokea sikio gani, la kushoto au la kulia, ndipo unachimba.

Hujawahi kuniuliza juu kulikuwaje. Mimi sijawahi kukuuliza chini. Nikaona nitengeneze kitu badala ya kuuliza.

Unasema zamani chumba kizima kilicheza. Ni kweli, na nilikuwemo. Lakini wale tuliokuwa tunawapiga risasi kwenye TV yako walikuwa nani? Hawakuwa na mama. Walipasuka, wakatoweka, tukapewa pointi. Nilizipenda gemu zile na bado nazipenda, ila hakuna hata moja niliyocheza nikamwona mtu ninayemfahamu. Kampuni gani itakuja kutengeneza gemu ya mtu wa Kharumwa? Hakuna. Ndiyo sababu tumekaa wawili, tumekula mihogo mwaka mzima, tumeitengeneza.

Mwezi wa nane kuna maonyesho ya gemu ndogo Dar es Salaam na wametukubali. Lakini jambo lenyewe ni lako, na nilikosea kulianza bila kukuuliza. Ukisema hapana, naifuta kila mahali. Nimeshaongea na Donatus. Aliguna tu, akasema, "Kama ni ya kwake, ni ya kwake."

Nasubiri.

Asteria

*

Kharumwa
1 Julai 2024

Asteria,

Marahaba.

Sikujua kuwa ni mimi.

Ipeleke Dar. Jina langu usilitaje. Kazi ni nyingi, sitaandika kwa muda.

Jilala

*

Kambarage
8 Julai 2024

Wifi Dorah, Mama Nkwabi,

Habari za siku nyingi. Najua si kawaida yangu kukuandikia, tumezoea kusalimiana kupitia kwa kaka. Lakini kaka amenifungia mlango na sijui ufunguo kaupeleka wapi.

Nilimwandikia jambo zito. Amenijibu mistari ambayo ingetosha kwenye meseji. Ameniruhusu nilichoomba, lakini ameniruhusu kama mtu anayemfukuza mgeni. Na kuna sentensi sielewi: "Sikujua kuwa ni mimi." Wifi, mtu anawezaje asijue? Sauti zile ni zake. Donatus alikwenda kugonga mawe ndani ya duara lililoachwa ili zitoke sawasawa.

Nimekuwa najiuliza kama nimemtonesha. Au kama ni dharau, kwamba yeye anasaga mawe na mimi nachezea kompyuta. Kama ni hilo niambie tu. Nimechoka kubahatisha.

Wifi yako,
Asteria

*

Kharumwa
16 Julai 2024

Wifi yangu Asteria,

Barua yako nimeipata, na nimeisoma Jilala akiwa kazini. Mwandiko wangu utauvumilia, tangu niache shule nimekuwa naandika majina kwenye madaftari ya mtoto tu.

Si dharau, wifi. Jilala hasikii.

Sikio la kushoto limekufa kabisa. La kulia linapata kidogo, ukilisogelea na kupaza sauti. Ni lile karasha. Miaka yote anasimama pale chuma kinapokula mawe, mwanzoni alikuwa akirudi nyumbani anasema kuna nzi kichwani, baadaye hakusema tena. Mimi niligundua kwa sababu alianza kuniangalia mdomo ninapoongea. Mwanamke mume akimtazama mdomo kila saa anafikiri mengine. Kumbe mwenzangu anasoma maneno.

Ukimpigia simu anaiweka kwenye shavu, anasubiri, akidhani umemaliza anasema ndiyo ndiyo. Ananiambia, "Nisipopokea kabisa atakuja." Akakataza usiambiwe wewe wala Mayu. Wewe kwa sababu una kazi nyingi, Mayu kwa sababu atasema turudi Tinde. Na Makoye mwenye karasha asijue, atamtoa. Mwezi wa tano lori lilikuwa linarudi nyuma, watu wanapiga mayowe, yeye kainama anaokota mawe. Mtu mmoja alimrukia wakaanguka wote. Jioni akaniambia aliteleza. Nilipewa habari na wanawake kisimani.

Sasa nikueleze Jumapili ile barua yako ndefu ilipomkuta nyumbani. Aliisoma amesimama kwenye kivuli cha bati. Akaikunja. Akakaa, akaikunjua. Mimi nilikuwa naosha vyombo. Akaja na ile simu na hedifoni.

"Mama Nkwabi, vaa hizi."

"Za nini? Mikono ina sabuni."

"Vaa. Uniambie unasikia nini."

Nikavaa. Mwanzoni kama upepo. Halafu nikasikia, ngo. Kimya. Ngo, ngo. Mbali, wifi, kama mtu yuko nyuma ya milima. Mimi siku ile ya duara sikuwepo, hatukuwa tumeoana, lakini nilijikuta nimeshika hedifoni kwa mikono yote miwili.

"Unasikia nini?"

"Mtu anagonga."

Hakupata. Nikalisogelea sikio la kulia nikapiga kelele, "Mtu anagonga!"

"Anagongaje?"

Kugonga utamwelezaje mtu? Nikamgeuza. Nikawa nikisikia ngo, nampiga ngumi mgongoni. Nikisikia kimya, natulia na mkono hewani. Ngo. Ngo, ngo. Tukakaa hivyo jua linatuhamia. Nikahisi mgongo unatetemeka, nikajua analia, lakini sikuacha kwa sababu yule wa kwenye simu naye alikuwa hajaacha.

Mwisho akasema, "Inatosha." Akaenda kuangalia mbuzi.

Kesho yake ndipo akakuandikia hiyo mistari. Hakuwa na hasira. Alikuwa amefika mwisho wa nguvu zake.

Nimevunja ahadi kukuambia. Atanikasirikia na akasirike. Nimechoka kuwa masikio ya watu wawili.

Wifi yako,
Dorah

*

Kharumwa
10 Agosti 2024

Mdogo wangu Asteria,

Tangu uondoke hapa Kharumwa nyumba imetulia, au niseme Dorah ametulia. Mliongea siku mbili bila kupumzika. Niliona midomo yenu tu.

Uliponishika bega kwa nyuma pale karashani nilidhani ni Makoye. Kugeuka, ni wewe, na vumbi limeshakufanya mzee. Sikutaka unikute hivyo. Lakini basi umenikuta. Ulikuja na ghadhabu mpaka nikaona afadhali lile lori. Uliandika kwenye daftari la Nkwabi kwa herufi kubwa: KWA NINI HUKUSEMA. Nikakuandikia chini yake: Ungeacha kunipigia simu. Ni kweli. Nilikuwa nasubiri simu zako ingawa sikusikia neno. Ilikuwa inanitetemekea shavuni, najua kwamba ni wewe unaongea.

Uliniuliza swali moja sikulijibu. Uliandika: Chini ulikuwa unafanya nini? Nikageuza ukurasa. Nakujibu sasa, maana karatasi haina macho.

Nilikuwa nacheza gemu.

Usicheke. Ile kaseti ya ngome. Kwa sababu haikuwa na kusevu, na kwa sababu nilikuwa mwenye banda na watu wakikwama wananiita mimi, niliijua yote. Kila shimo, kila popo anatokea wapi, ngazi ipi inavunjika. Pale chini nguzo ilikuwa imenibana mguu, mkono mmoja ndio uko huru, na macho ukiyafumba au ukiyafumbua ni mamoja. Kichwa kikaanza kwenda kwenye mambo ya kufa. Nikaona hapana. Nikawasha TV. Nikapuliza kaseti. Nikaanza hatua ya kwanza, mtu mdogo upande wa kushoto, naenda kulia. Kila kuruka ni pumzi moja. Nikikosea, mawazo yakikimbilia kwa Mayu au kwenye maji ya kunywa, nahesabu nimekufa, narudi mwanzo. Sikujidanganya hata mara moja.

Nikimaliza hatua, nachukua jiwe, nagonga. Ilikuwa zawadi yangu. Ndiyo mliyokuwa mnaisikia juu. Kila mliposikia nagonga, nilikuwa nimevuka hatua.

Na kile kimya kirefu, ulichoniandikia kwenye daftari la Nkwabi kwamba Mayu alijirusha chini, watu wakaanza kutafuta shuka, kile nilikuwa nakufa kwenye ngome ya tatu. Nikifika pale nakufa. Narudi mwanzo. Nakufa. Sikujua kuna watu juu wananisubiri niruke.

Hili usiliweke kwenye gemu yako. Dorah mwenyewe hajui. Nimekupa wewe kwa sababu ulikuwa umekaa juu ya kreti, unaijua ngome ya tatu.

Nimefikiri sana juu ya ubishi wetu wa zamani na sasa. Gemu zile zilitengenezwa na watu wa mbali wasionijua, hazikutaka kunifundisha kitu, na zilinishikilia. Yako ningekuwa nayo kichwani kule chini, sijui ingenifaa nini. Lakini sikuwahi kufikiri kwamba waliokuwa juu nao walikuwa kwenye giza lao. Kwangu aliyefukiwa alikuwa mmoja. Kwa hiyo nimeelewa umetengeneza ya nani. Si yangu. Ni yako na Mayu. Ulikuwa huhitaji ruhusa yangu.

Ipeleke. Jina langu litaje, ukitaka.

Jilala

*

Dar es Salaam
27 Agosti 2024

Kaka,

Shikamoo.

Nakuandikia kwenye nyumba ya wageni, miguu imevimba. Maonyesho yameisha. Ulichonikataza sikukiweka na sitakiweka. Hata Donatus sijamwambia.

Nikueleze ilivyokuwa. Meza yetu walituweka mwisho wa ukumbi, karibu na vyoo. Jirani yetu alikuwa na gemu ya bodaboda inayopiga muziki kama harusi, kwa hiyo hata ukivaa hedifoni unasikia harusi ile. Wengi walikaa dakika chache, wakavua, wakasema asante. Kijana mmoja alisema, "Dada, simu yako imezima." Mwingine akauliza unapataje pointi, nikakukumbuka, nikacheka peke yangu. Walioketi kuhukumu walisema ni kazi nzuri lakini haina haraka. Hatukupata kitu. Donatus alinunua mishikaki tukala tumesimama.

Kuna mmoja tu wa kukueleza. Anaitwa Scolastika, mama wa makamo, anauza mchele na alikuja kumsindikiza mwanawe. Aliona tumeandika Geita kwenye karatasi ya mezani. Akauliza, "Geita ipi?" Nikamwambia. Akavua kilemba akavaa hedifoni, akakaa kwenye kiti cha plastiki, mgongo wima kama yuko kanisani. Alicheza muda mrefu. Alichimba kwa kidole taratibu sana. Mwisho likaja neno letu: Umechelewa.

Alivua hedifoni akazifuta kwa kanga kabla ya kunirudishia.

Akasema, "Hilo neno liondoe, mwanangu."

Nikamuuliza kwa nini.

"Wa kwangu sikuchelewa. Nilikuwepo tangu mwanzo. Ila yeye hakugonga."

Nilimletea maji, akanywa, akamtafuta mwanawe, wakaondoka. Siku ileile niliifungua programu palepale mezani, nikalifuta neno. Sasa mtu asipopatikana hakuna maandishi. Panabaki kimya mpaka mchezaji mwenyewe aamue kuondoka. Donatus anasema watu watadhani imeharibika. Wadhani.

Kaka, nimekuwa nikitetea gemu hizi kama kwamba huzuni ikiwekwa ndani basi kazi imekwisha. Kumbe mimi niliweka hata hukumu. Zile za kwako zilimwambia mtu amekufa, basi, aanze tena, hazikumlaumu.

Jambo la mwisho. Nimepata siku kwa daktari wa masikio Mwanza, tarehe kumi na nane mwezi ujao. Nimeomba ruhusa shuleni, tutakwenda wote. Na karasha uliache. Siombi kama mtengeneza gemu. Naomba kama yule wa kwenye kanga.

Asteria

*

Tinde
20 Oktoba 2024

Mdogo wangu Asteria,

Marahaba, na salamu za Mayu ambaye anataka kujua kwa nini tunaandikiana wakati kutoka kwako mpaka hapa ni safari ya kwenda na kurudi kabla ya chakula cha mchana. Nimemwambia ndivyo tulivyozoea.

Karasha nimeliacha. Nilimwendea Makoye nimejitayarisha kwa maneno, nikamwambia sisikii, nisamehe kwa kukuficha. Akainama, akaandika kwa kidole kwenye vumbi la mawe: NAJUA. Alikuwa anajua tangu masika. Aliniacha kwa sababu hakujua nitakwenda wapi, na mimi nilikaa kwa sababu hiyohiyo. Tukashikana mikono, tukaagana.

Mwanza ulikuwepo, ulimsikia daktari kuliko mimi. Lililokwenda halirudi. Kifaa alichonipa kwa sikio la kulia nimekuwa nakijaribu kidogo kidogo alivyoagiza. Siku za kwanza kila kitu kililia kama bati. Kuku bati, Dorah bati, hata upepo. Nilikivua nikakiweka kwenye kikombe nikalala mchana kutwa. Sasa naanza kutenganisha. Juzi nilimsikia Mayu ananisema kwa jirani kwamba nimekonda. Nilimwitikia toka nyuma ya nyumba, akaangusha ungo.

Kulima nimesahau. Nimetayarisha kipande cha mpunga na mikono imepasuka kama ya mtu wa ofisini. Jioni nakaa tu. Nilidhani nikipumzika uchovu utaondoka, kumbe ulikuwa umejificha chini ya kazi, sasa ndio unatoka wote. Dorah anasema niuache utoke.

Gemu yako tunaicheza mara mojamoja. Kwa kifaa hiki siwezi kujua sauti inatokea upande gani, kwa hiyo Dorah anavaa hedifoni na kunigusa bega, la huku au la huku, mimi nachimba. Mayu hana hedifoni, hasikii kitu wala haoni vizuri, lakini anapiga kelele, "Hapo! Hapo hapo, ng'wanawane, mwanangu!" Mara nyingi tunamkosa. Mara moja tumemtoa. Ulimchora anatoka ameinua mikono kama mshindi. Mimi nilitoka nimejiharibia suruali, nikiomba maji, naona aibu kwa watu wote wale. Libadilishe hilo ukipata nafasi, au liache. Mayu alifurahi kumwona anainua mikono.

Jumapili njoo, mlete na huyo Donatus, nimwone mtu aliyeshuka duara tupu kwenda kugonga mawe kwa ajili yangu. Mayu atachinja jogoo. Ukifika usinipigie mayowe mlangoni kama wanavyofanya wageni. Ingia, uvute kigoda, ukae kulia kwangu.

Jilala